Mdudu wa miguu sita kwenye ukuta wa baraza: si papasi, ni nzi wa popo

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kwale, upande wa Shimoni. Nyuma ya nyumba yetu kuna pango la matumbawe lenye popo. Magharibi ikiingia wanakuja uani kula kungu na maembe, na wengine huning'inia chini ya paa la baraza wakitafuna. Juzi usiku niliona mdudu ukutani, rangi ya kutu, mfano wa buibui lakini ana miguu sita, hana mabawa, na anakimbia upandeupande kwa kasi. Jirani mmoja kasema papasi, mwingine kasema kupe. Nimempiga picha mbili, moja ukutani na moja juu ya sahani karibu na njiti ya kiberiti, kisha nikamfungia kwenye kichupa. Ni nani huyu? Ana hatari kwa watoto? Na kama ni mdudu adimu, nimwandikishe wapi, na vipi?

Jibu: Mwalimu, majirani zako wote wawili wamekosea, ingawa wana udhuru. Huyo ni nzi. Hana bawa hata moja, hawezi kuruka, na umbo lake limebadilika mpaka limefanana na buibui, lakini ni nzi halisi wa familia iitwayo Nycteribiidae. Utu uzima wake karibu wote huupitisha kwenye manyoya ya popo akifyonza damu. Nimefurahi sana kwamba hukumponda kwa ndala. Pwani yetu imejaa watu wanaolala hatua chache kutoka kwa nzi hawa na wasimwone hata mmoja maishani.

Nianze na miguu, kwa kuwa ndiyo iliyokutia shaka. Papasi na kupe waliokomaa wana miguu minane, sawa na buibui. Kupe wachanga waliotoka kwenye mayai wana sita, ila hao ni wadogo mno, hawafiki hata milimita moja, na hawana mbio. Wako, nikimlinganisha na unene wa ile njiti, ana kama milimita nne. Kunguni ana miguu sita pia, na wapo kunguni wa popo. Mapango ya Mlima Elgon yanao. Lakini kunguni huonyesha kichwa mbele na vipapasio viwili vilivyo wazi, na miguu yake imetokea upande wa chini wa kifua. Chawa tunamwondoa mara moja, kwa sababu popo hawana chawa kabisa, jambo ambalo ni nadra miongoni mwa wanyama wenye manyoya.

Sasa itazame tena picha yako ya sahani. Pale mbele ambapo ungetarajia kichwa, hakuna kitu. Kichwa kiko mgongoni: ni kidogo, chembamba, kimelazwa kinyumenyume ndani ya mfuo ulio juu ya kifua. Akitaka kula hukiinua na kukizungusha mbele mpaka mdomo ufike kwenye ngozi ya popo, na akishiba hukirudisha. Miguu nayo imetokea upande wa juu wa kifua, si chini, ndiyo maana magoti yake yamepanda juu kuliko mwili. Kila mguu unaishia kwa kucha nene zilizopinda za kushikia manyoya. Na kama ungekuwa na lenzi nzuri ungeona nyuma ya kifua virungu viwili vidogo sana. Nzi wa kawaida wana virungu hivyo. Ni jozi ya pili ya mabawa iliyogeuka kuwa chombo cha kupimia mizani wakati wa kuruka. Huyu mabawa yake yamekwisha kupotea, virungu vimebaki. Kwangu mimi hicho ndicho kithibitisho kizuri kuliko vyote cha ukoo wake.

Ukoo wenyewe mnaujua vizuri Kwale, kwa sababu vichaka vya Shimba Hills vina mbung'o. Mbung'o na nzi wa popo ni wa kundi moja kubwa, na kinachowaunganisha ni namna yao ya kuzaa. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Hubeba buu mmoja tu tumboni, akamlisha maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu, akamzaa akiwa amekwisha kukua, naye buu hujichimbia udongoni na kuwa pupa. Nzi wa popo hufanya vivyo hivyo, ila hana udongo wa kumhifadhi mtoto. Basi jike hushuka kutoka mwilini mwa popo, hutembea kwenye jiwe la pango, ukuta au boriti, humgandisha mtoto wake hapo, kisha hurudi mbio kwa popo. Mtoto hukauka pale pale akawa kigamba cheusi, bapa, cha mviringo, chenye kung'aa. Baada ya wiki tatu au nne hutoka nzi kamili, na asipopata popo upesi njaa humuua.

Hiyo ndiyo sababu moja inayoweza kumfikisha nzi kwenye ukuta wa baraza yako: jike aliyeshuka kuzaa. Sababu ya pili ni popo mwenyewe, ambaye hujikuna na kujilamba bila kuchoka usiku kucha, na wadudu wake humwangukia aliye chini. Tumbo la wako halijavimba, kwa hiyo mimi naelekea kwenye sababu ya pili.

Kabla ya kuendelea na kumbukumbu, yaani namna ya kumwandikisha, nijibu la watoto, maana hilo halingoji.

Nzi huyu hawatafuti watu. Huweza kumdunga mtu anayeshika popo, na hutokea mara chache. Hakuna ugonjwa wa binadamu unaojulikana kuenezwa naye. Hatari iko kwa popo na ndani ya pango, na hapo naomba uwe mkali kwa watoto wako wa nyumbani na wa darasani. Popo wa matunda akaaye mapangoni, ambaye wanasayansi humwita Rousettus aegyptiacus, ndiye hifadhi ya asili ya virusi vya Marburg. Miongoni mwa waliougua Kenya mwaka 1980 na 1987 walikuwamo watu waliotembelea pango la Kitum huko Mlima Elgon, na mwaka 2007 na 2008 wachimba madini na watalii waliugua baada ya kuingia mgodini na pangoni magharibi mwa Uganda. Karibu zaidi na kwako, mwaka 2009 virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa vilipatikana kwa popo mkubwa mla wadudu aliyekufa kwenye pango la pwani ya Kenya, vikapewa jina la Shimoni. Isitoshe, vumbi la mavi ya popo lina kuvu wanaoweza kuumiza mapafu.

Kwa hiyo: watoto wasiingie pangoni kutafuta nzi, wasiguse popo mzima wala aliyekufa, na wasile tunda lililoumwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa na popo aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba ni popo. Baraza isifagiliwe kavu. Nyunyiza maji kwanza. Wala usichukulie maneno haya kuwa sababu ya kuwafukiza popo au kuliziba pango. Popo wakivurugwa hutawanyika na kukaribiana na watu zaidi, na popo hao hao ndio wanaochavusha mibuyu usiku na kusambaza mbegu za miti ya msituni. Umeishi nao miaka yote kwa amani. Endelea hivyo, kwa umbali.

Kumbukumbu uliyonayo inaweza kufanywa bila kumgusa popo hata mmoja. Hilo nalisisitiza kwa sababu wengi wakisikia neno utafiti hufikiri lazima wakatege nyavu. Kukamata popo, na kukusanya viumbe pori kwa utafiti, kunahitaji kibali cha serikali, Kenya na Tanzania vilevile, na kunahitaji chanjo na mafunzo. Wewe unahitaji ukuta wako, simu yako na daftari.

Uliuliza kama ni adimu. Nzi wa popo si haba duniani: Nycteribiidae peke yao wamekwisha kupewa majina zaidi ya spishi 270, na ukiwajumlisha na jamaa zao wa familia ya Streblidae, ambao wengi wao wana mabawa, unavuka 500. Popo mmoja wa pangoni anaweza kubeba kadhaa. Walio wachache ni wale walioandikwa. Karibu kila nzi wa popo aliyemo kwenye makabati ya makumbusho aliondolewa kwenye popo aliyekamatwa na mtafiti, na watafiti hufika mahali pachache, siku chache. Mtu wa kawaida aliyemwona nyumbani kwake, akampiga picha inayoeleweka na kuandika mahali na siku, ni jambo la nadra kweli. Kwa ukanda wa pwani kumbukumbu yako ina uzito, na ndiyo maana nataka iwe imekamilika.

Nitakupa mfano wa hapa hapa Kenya unaoonyesha jinsi kuandika mahali kunavyoweza kuokoa kiumbe kisisahaulike. Mwaka 1933 kwenye mlima wa mawe wa Ukasi, kando ya njia ya kwenda Garissa, alipatikana nzi mwenye nywele nyingi, miguu mirefu na mabawa yaliyodumaa, akiishi ndani ya ufa wa jiwe wenye popo. Mwaka 1936 akapewa jina Mormotomyia hirsuta, na akawekwa kwenye familia yake peke yake. Alionekana tena mwaka 1948, kisha kimya kikatanda. Mwaka 2010 watafiti walirudi kwenye ufa ule ule na kumkuta bado yupo. Wangerudi wapi kama kibandiko cha mwaka 1933 kingesema "Kenya" tu? Yeye si kimelea. Hukulia kwenye mavi ya popo. Lakini naye hudhaniwa buibui, na ni mkubwa, karibu sentimita moja, kwa hiyo siku ukiona "buibui" mwenye manyoya marefu kwenye jiwe lenye popo, hesabu miguu.

Yuko jamaa mwingine wa kumtenga, maana baraza za pwani huwa na viota vya mbayuwayu. Mbayuwayu wana nzi wao wafyonza damu, ambao nao ni bapa na wana kucha kubwa. Wale lakini wana mabawa, hata kama yamekuwa membamba na mafupi yasiyofaa kuruka, na kichwa chao kiko mbele panapostahili. Mabawa membamba na kichwa mbele, ni wa ndege. Hakuna bawa na kichwa kiko mgongoni, ni wa popo.

Sasa kumbukumbu yenyewe. Kitu cha kwanza ambacho mtaalamu atakuuliza baada ya picha ni mwenyeji, yaani nzi huyu alikuwa akiishi juu ya nani. Nzi wa popo huchagua. Wengi wao hushikamana na spishi moja ya popo au chache zilizo jamaa. Ukijua popo, umekwisha kupunguza orodha ya majina kwa kiasi kikubwa sana. Kwa popo wa matunda wa mapangoni anayetarajiwa kwanza ni Eucampsipoda africana. Kwa popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, yule anayelala kwa maelfu kwenye miti, mfano lile kundi mashuhuri la Bat Valley mjini Kampala, anatarajiwa Cyclopodia greeffi. Mapango ya matumbawe ya Kwale yana pia popo wadogo wala wadudu, wakiwemo wa jenasi Miniopterus, na hao wana nzi wao wa majina mengine kabisa.

Utamjuaje popo wako bila kumshika? Angalia uchafu anaouacha. Mla matunda huacha makapi, yaani nyuzi za tunda alizotafuna na kuzitema zikiwa vidonge vikavu, pamoja na kokwa za kungu zilizokwanguliwa na michirizi ya mavi laini ukutani. Mla wadudu huacha punje kavu zinazofanana na mavi ya panya, ila ukizisaga kwa kijiti hupukutika na kuonyesha vipande vinavyometameta vya magamba ya wadudu. Popo wa matunda ana uso wa mbwa na macho makubwa yanayoakisi mwanga. Wale wadogo wana macho madogo, na baadhi wana vipande vya ngozi vya ajabu puani. Mpige picha akiwa ananing'inia, kwa mbali, kwa taa hafifu, mara moja tu halafu mwache. Picha mbaya ya popo ni bora mara kumi kuliko neno "popo" peke yake. Na kwenye daftari utofautishe mambo mawili: ulichoona na unachodhani. "Nzi alikutwa ukutani, popo wa matunda walikuwa juu yake" ndicho ulichoona. "Alitoka kwa popo wa matunda" ni dhana, nzuri, lakini dhana.

Picha zako mbili zinatosha kumfikisha kwenye familia, hazitoshi kwenda mbele zaidi. Kwa kuwa bado unaye, rudia hivi. Mtie kichupa ndani ya friji kwa dakika chache apoe na kupunguza mbio. Mweke kwenye sahani nyeupe, na kando yake weka rula yenye milimita. Njiti na sarafu hutofautiana, milimita haina ubishi. Zima taa ya simu, tumia mwanga wa dirishani asubuhi. Piga kwa juu. Kisha mweke kati ya vipande viwili vya kioo safi, au ndani ya kifuniko cha plastiki angavu, na umpige kwa chini, maana upande wa tumbo ndio wenye siri zake: safu za miiba migumu ziitwazo vitana, na kwa dume jozi ya vibanio vilivyokunjwa kwenye ncha ya tumbo. Kwa majike, mpangilio wa mabamba magumu ya tumbo ndio unaotenganisha spishi. Piga pia mguu mmoja kwa karibu. Nzi wengi wa popo wa matunda wana pete za rangi hafifu kwenye kipande kirefu cha mguu, na pete hizo husaidia kuchagua kundi. Vilenzi vya kubana kwenye simu vinavyouzwa mitaani vinatosha kabisa kwa kazi hii.

Ukiwa unapiga picha ya tumbo, tafuta kitu kimoja ambacho hunisisimua kila ninapokiona: vijinywele vinene vilivyosimama peke yao, vimekaa kwa kundi, havifanani na nywele nyingine. Hao huenda ni kuvu wa jenasi Arthrorhynchus, wanaoota juu ya nzi wa popo na si mahali pengine. Popo analisha nzi, nzi analisha kuvu. Ukiwapata, taja kwenye maelezo. Wako wataalamu wanaowatafuta kwa hamu.

Akifa, usimtupe. Picha haiwezi kukata shauri la spishi peke yake, kielelezo kinaweza. Mtumbukize kwenye alkoholi. Ya asilimia 70 inafaa kwa kutazama umbo. Kwa uchunguzi wa vinasaba inatakiwa ya asilimia 95 au zaidi. Ukikosa zote mbili, spiriti ya duka la dawa au jeli ya kutakasa mikono yenye ethanoli itamtunza kwa muda mpaka umpate mwenye alkoholi safi. Usitumie fomalini, inaharibu vinasaba. Kata kikaratasi kidogo, andika maelezo kwa penseli, na ukitie ndani ya kichupa pamoja naye. Kwa penseli, Mwalimu, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi na kukuachia karatasi nyeupe. Kibandiko cha nje nacho hubanduka. Kisha wasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, sehemu inayoshughulikia wanyama wasio na uti wa mgongo. Andika kwanza, ambatisha picha, uliza kama wanamtaka na wampokee kwa utaratibu gani, usimtie tu kwenye basi. Aliye Tanzania aanze na idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwenye hicho kikaratasi kunaandikwa mambo machache ambayo yakikosekana kielelezo hupoteza thamani yake karibu yote: nchi, kaunti na kijiji, mahali hasa, yaani ukuta wa baraza, urefu gani kutoka chini, majira-nukta (namba mbili zinazoonyesha mahali kwenye ramani), tarehe na saa, jina la aliyempata, na mwenyeji, pamoja na namna ulivyomjua.

Majira-nukta utayapata kwenye ramani ya simu kwa kubonyeza na kushikilia pale nyumba ilipo. Shimoni iko karibu na −4.65, 39.38. Hiyo alama ya kutoa mbele ya nne ni muhimu sana. Inaonyesha kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, nzi wako wa Kwale ataonekana kwenye ramani akiwa kusini mwa Ethiopia, na atakaa huko miaka mpaka mtu agundue.

Tarehe nayo ina mtego wake kwetu sisi wa pwani. Umesema "juzi usiku". Kwa wengi wetu siku huanza magharibi, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya simu bado ni Alhamisi. Vivyo hivyo saa: "saa mbili kasorobo" ukiiandika kwa tarakimu za Kiswahili, msomaji wa Ulaya ataielewa kuwa karibu saa nane za usiku au za mchana. Andika tarehe iliyomo kwenye simu, na saa kwa mfumo wa 24, yaani 19:45. Simu huhifadhi saa hiyo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo tunza picha asili. Ile uliyotuma kwa WhatsApp huwa imebanwa na mara nyingi imepoteza maelezo hayo.

Mahali pa kuandikisha, mimi ningeanza na iNaturalist, tovuti na programu ya simu ya kuandikishia viumbe kwa picha. Ni bure, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, na wataalamu wa nzi wa popo, ambao ni wachache duniani, huipitia wakiwa popote. Pakia picha zote za mdudu huyo mmoja katika ingizo moja. Popo mpe ingizo lake, kisha taja kila moja ndani ya mwenzake. Kwenye jina andika Nycteribiidae na uishie hapo. Najua jina la spishi lina utamu wake, na Eucampsipoda africana linakuja mdomoni kwa urahisi, lakini liandike kwenye maelezo kama pendekezo. Ingizo lenye jina la familia lililo sahihi humsubiri mtaalamu bila madhara. Ingizo lenye jina la spishi lililobahatishwa humpoteza mtu mwingine, kwa kuwa watu wataitumia picha yako kutambua nzi wao.

Watu wengine wakikubaliana juu ya jina la spishi, na ingizo likawa na picha, tarehe na mahali, hupandishwa daraja la kufaa kwa utafiti. Kutoka hapo huingia GBIF, hazina ya dunia ya kumbukumbu za viumbe, mradi umechagua leseni inayoruhusu. Angalia leseni kwenye mipangilio: CC0, CC BY na CC BY-NC zinapita, ukiiweka "haki zote zimehifadhiwa" kumbukumbu haitavuka. Na kwa kuwa ni nyumbani kwako, na pango lina popo wasiohitaji wageni, chagua mahali pafichwe. Umma utaona eneo pana la kilomita nyingi, wakati majira-nukta halisi yanabaki ndani kwa ajili yako na wale unaowaruhusu.

Je, inafaa usumbufu wote huu kwa nzi wa milimita nne? Kwangu inafaa kabisa. Nzi hawa hubeba vimelea vya jenasi Polychromophilus, jamaa wa malaria wanaowashambulia popo, na bakteria wa aina mbalimbali, na huwezi kuelewa afya ya popo wa pwani bila kujua nani anafyonza damu yao, wapi na lini. Ujerumani watafiti waliowafuatilia popo wa Bechstein, spishi moja ya Ulaya, walikuta kwamba popo hao huhamahama makazi, na huyakwepa yale yenye pupa wa nzi walio tayari kutoka. Wa kwetu hufanya nini? Pango lako halina mtu mwingine anayelitazama kila jioni.

Basi wiki hii fanya hili moja, mchana, kwa tochi na kwa kuangalia tu: kagua boriti na sehemu ya juu ya ukuta chini ya pale popo wanaponing'inia, utafute vile vigamba vyeusi vya mviringo vyenye kung'aa, vya milimita moja au mbili. Ukivikuta, usivibandue. Vipige picha na rula, viandike kwa tarehe, na uvitazame tena kila wiki uone vingapi vimefunguka. Usipovikuta andika pia: "Nimekagua, popo wapo, pupa hakuna." Nitumie picha mpya za tumbo la nzi ukizipata, niangalie vitana.